KIOO CHA KOMPYUTA KIMEHARIBIKA, AU KIMESAHAULIWA TU?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika miezi hii tunapozungukia matawi, swali moja limekuwa likitujia mara kwa mara, tena kutoka kwa watu wasiojuana. Karani wa mizani anauliza, katibu wa tawi anauliza, mjumbe wa kamati ya kiwanda naye anauliza. Swali lenyewe ni hili: kompyuta ilibadilishwa programu kuu, na tangu siku ile kioo kikubwa kilichounganishwa nayo hakionyeshi sawasawa. Mahali pengine maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango. Mahali pengine yamekuwa madogo kama sisimizi. Kwingine yana ukungu, na kwingine pembeni pamekatwa. Fundi akiitwa anatazama mara moja tu, anasema kioo kimekufa, kinunuliwe kingine.

Tumeona yafaa tulieleze jambo hili hapa kwa lugha nyepesi, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni fedha. Kioo kipya hununuliwa kwa michango ya wanachama ikiwa ni cha ofisi ya tawi. Mara nyingi kioo kile kinachotupwa ni kizima kabisa. Kilichoharibika ni maelewano tu kati yake na kompyuta, na maelewano hutengenezwa bila ya kulipa hata senti moja.

Sababu ya pili ni haki, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Tuchukue mfano wa banda la mizani katika shamba la chai. Mchumaji anapandisha gunia lake juu ya mizani, na kioo kimegeuzwa upande wake ili aone mwenyewe. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni namba ya kazi, ya tatu ni uzito wote, ya nne ni makato ya gunia na maji, ya tano ni kilo anazolipwa. Sasa pembe ya kulia ya kioo ikikatwa, ni safu ipi inayopotea? Ni ya tano. Mchumaji anaona makato, lakini haoni kilo zake. Hapo ndipo maneno yanapoanza bandani, karani anaitwa mwizi, na mnyapara anajibu, "Ni kompyuta hiyo, si mimi."

Kwa hiyo, ndugu, jambo hili linamhusu hata yule asiyegusa kompyuta maishani mwake.

KWA NINI LIMETOKEA KWA WENGI WAKATI MMOJA

Kila kompyuta ina programu kuu inayotawala nyingine zote. Kompyuta nyingi za ofisi zetu zilikuwa zikitumia Windows 10, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 29 Julai 2015. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba huduma ya kawaida kwa Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ikakoma. Kukoma maana yake si kwamba kompyuta inazimika. Inaendelea kufanya kazi, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Ni kama ghala ambalo mlinzi wake amestaafu: mlango bado upo, lakini mwizi akivunja kufuli hakuna wa kuja kuibadilisha.

Hivyo ofisi nyingi zimehamia Windows 11, ambayo ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Si kila kompyuta inakubaliwa huko. Inatakiwa iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, ghala la ndani la gigabaiti 64 au zaidi, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na akili kuu iliyomo katika orodha iliyokubaliwa na kampuni. Waliohama walifanya vyema kwa upande wa usalama. Lakini katika kuhama, vyombo vingine hupotea njiani, na kimoja kinachopotea sana ni mpango wa kioo cha nje.

NUKTA NI NINI

Ukikisogelea kioo karibu kabisa utaona kwamba picha yote imefumwa kwa nukta ndogo ndogo, kama ushanga uliotungwa kwenye mkeka. Nukta hizo zilitiwa kiwandani na haziongezeki wala hazipungui. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu wa kwenda chini. Ukizidisha utapata nukta 2,073,600.

Sasa kompyuta ikipoteza maelewano na kioo, haijui kina nukta ngapi. Kwa woga huchagua kipimo kidogo ambacho karibu kila kioo hukikubali, kwa mfano 1024 kwa 768. Hizo ni nukta 786,432 tu. Kioo hakiwezi kuacha nukta zake nyingine zikae bure, kwa hiyo huinyosha ile picha ndogo mpaka ijae. Nukta moja inatandazwa juu ya nukta zaidi ya mbili na nusu. Mpishi akiuongeza uji wa watu kumi maji ili uwatoshe watu ishirini na sita, sufuria itajaa, lakini uji utakuwa mwepesi. Ule wepesi ndio ukungu tunaouona kwenye maandishi.

Tena kuna umbo. Kipimo cha 1024 kwa 768 ni sawa na 4 kwa 3, karibu na mraba. Kipimo cha 1920 kwa 1080 ni sawa na 16 kwa 9, kirefu cha ubavuni. Umbo la kwanza likilazimishwa ndani ya la pili, kila kitu kinapanuka ubavuni. Ukiona duara limekuwa yai na watu wote wamenenepa katika picha ya mkutano mkuu, hiyo ndiyo dalili yake.

MKALIMANI NA KITAMBULISHO

Ili kioo kionyeshe sawa, mambo mawili ni lazima yawepo. Tukiyaelewa haya mawili, yaliyobaki ni mepesi.

La kwanza ni mkalimani. Programu kuu ni kama meneja wa kiwanda: inatoa amri, haichori yenyewe. Anayechora ni chipu ya picha iliyomo ndani ya kompyuta. Chipu hizo hutengenezwa na makampuni mbalimbali, hasa Intel, AMD na NVIDIA, na kila moja ina lugha yake. Kwa hiyo huwekwa programu ndogo ya kutafsiri amri za meneja, nayo huitwa draiva. Anapokuja meneja mpya, pengine mkalimani wa zamani hakubaliki kwake. Basi huwekwa wa muda, ambaye Microsoft wamempa jina la "Microsoft Basic Display Adapter". Huyu anajua maneno machache tu. Anaweza kukupa picha uone unachofanya, lakini vipimo vya nukta hana vya kukuchagulia, na kuongoza vioo viwili kwa pamoja hawezi.

La pili ni kitambulisho. Tangu mwaka 1994 watengenezaji wa vioo walikubaliana kwamba kila kioo kibebe ndani yake kadi ndogo ya maelezo, iitwayo EDID. Humo mna jina la kioo, ukubwa wake, na vipimo vya nukta kinavyovikubali. Kioo kikiunganishwa, kompyuta huisoma kadi hiyo kupitia waya ule ule unaoleta picha. Ikisomeka, mambo ni shwari. Isiposomeka, kompyuta ni kama karani wa mahudhurio mbele ya mtu asiye na kitambulisho: anamwandikia posho ya chini kabisa na kumwambia angoje.

Matatizo mengi tunayoletewa yanatoka katika moja ya hayo mawili: mkalimani amebadilishwa, au kitambulisho hakisomeki. Yaliyosalia ni mpangilio uliosogea tu.

TUANZE UCHUNGUZI

Kabla ya kugusa lolote, andika. Andika jina na namba iliyo nyuma ya kioo, aina ya kompyuta, na waya zilivyounganishwa. Mwenye simu yenye kamera apige picha. Usifungue kioo kwa bisibisi, kwani vioo vingine huhifadhi umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, na ukipona katika hatua ya tatu usiendelee mpaka ya nane.

Hatua ya 1: Chomoa na uwashe upya. Zima kioo, kichomoe kwenye umeme kwa dakika moja. Chomoa waya wa picha pande zote mbili, uurudishe na kuukaza. Halafu iwashe upya kompyuta kwa kuchagua "Restart", si "Shut down". Watu wengi hudhani ni kitu kimoja, lakini sivyo. Katika kompyuta nyingi za Windows, "Shut down" huhifadhi sehemu ya hali ya zamani ili kesho iwake upesi, na kosa la jana hulala humo humo. "Restart" huanza upya kweli kweli.

Hatua ya 2: Mwamshe mkalimani. Bonyeza kwa pamoja vibonye vya Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitapepesa, pengine utasikia mlio mfupi. Hapo draiva ya picha imeanzishwa upya bila ya kazi yako kufungwa. Ikiwa lilikuwa zongo la kupita, litaondoka hapa.

Hatua ya 3: Tazama kipimo cha nukta. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu pa kioo, uchague "Display settings". Juu utaona mistatili yenye namba 1 na 2. Hivyo ndivyo vioo vyako. Ukibonyeza "Identify", namba itatokea kwenye kila kioo ujue kipi ni kipi. Chagua cha nje. Makosa mengi hutokea hapa, mtu akatengeneza kioo cha laptopu akidhani anatengeneza kile kikubwa. Kisha shuka mpaka "Display resolution" na uchague kile kipimo kilichoandikwa "Recommended". Hicho ndicho kipimo kilichosomwa kwenye kitambulisho. Kioo kikiwa cheusi usishtuke wala usibonyeze ovyo. Ngoja sekunde 15. Usipothibitisha, kompyuta yenyewe hurudi ilikotoka.

Hatua ya 4: Tofautisha nukta na ukubwa wa maandishi. Katika ukurasa huo huo kuna neno "Scale", lenye asilimia 100, 125, 150 na kuendelea. Hili halibadili nukta, hubadili ukubwa wa herufi na picha ndogo. Ikiwa maandishi ni safi, hayana ukungu, lakini ni makubwa mno au madogo mno, ugonjwa uko hapa. Rekebisha asilimia, usiguse nukta. Wako watu ambao maandishi yakiwa madogo hupunguza nukta ili yakue. Yanakua kweli, lakini yanakuja na ukungu, na karani anayetazama ukungu saa nane kila siku atarudi nyumbani na kichwa kinachouma. Acha nukta zote zifanye kazi, ongeza asilimia.

Hatua ya 5: Uliza kama vioo viwili vinaonyesha picha moja. Bonyeza kibonye cha Windows pamoja na P. Ukiona imechaguliwa "Duplicate", maana yake vioo vyote viwili vinaonyesha kitu kimoja, na hivyo lazima vikubaliane kipimo kimoja. Laptopu nyingi za bei nafuu zina nukta 1366 kwa 768. Kioo kikubwa chenye 1920 kwa 1080 kitashushwa kiwe sawa na ndugu yake mdogo. Chagua "Extend", kila kimoja kifuate kipimo chake, au "Second screen only" ikiwa unatumia kile kikubwa peke yake. Huu ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, na tumeona ukitozwa fedha nyingi na mafundi wa mjini.

Hatua ya 6: Mtafute mkalimani. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya kuanzia, chagua "Device Manager", fungua "Display adapters". Ukikuta jina la Intel, AMD au NVIDIA, mkalimani yupo. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", basi ni yule wa muda, na umeupata ugonjwa wako. Dawa ni kuingia katika "Windows Update", kisha "Advanced options", kisha "Optional updates", utazame kama draiva ya picha inangoja hapo. Kama haipo, ichukue kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu mwenyewe, kwa namba ile uliyoiandika mwanzoni. Usichukue draiva kwenye kurasa zinazojitangaza kwamba zitatengeneza kila kitu kwa kubonyeza mara moja. Huko ndiko kunakotoka wezi wa siri za ofisi.

Na ikiwa kioo kilikuwa kizuri kwa siku kadhaa baada ya kuhama, halafu kikaharibika baada ya draiva mpya kuingia, fungua jina la chipu hapo hapo, nenda "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver". Mkalimani wa awali atarudishwa kazini. Kibonye hicho kikiwa na rangi ya kijivu, hakuna wa zamani aliyehifadhiwa. Kama kioo chako kimeunganishwa kwa adapta inayoingia tundu la USB, kumbuka kwamba nyingi za namna hiyo, mathalani zile za DisplayLink, zina draiva yake mbali. Hiyo nayo yafaa kuwekwa upya baada ya kuhama.

Hatua ya 7: Kagua waya. Hapo hapo kwenye "Device Manager" fungua "Monitors". Ukikuta "Generic PnP Monitor" usiwe na hofu, hilo ni jina la kawaida tu. Ukikuta "Generic Non-PnP Monitor", maana yake kitambulisho hakikusomwa. Sasa tazama waya. Waya wa zamani wenye kichwa cha buluu na pini 15 katika mistari mitatu huitwa VGA, nao ulianza mwaka 1987, kabla ya vitambulisho hivi kuwapo. Pini mbili za mstari wa tatu ndizo zinazopitisha kitambulisho. Waya dhaifu, waya uliorefushwa kwa kuunganishwa, au kigawanyo cha kupeleka picha kwenye vioo viwili, huweza kupitisha picha na kuzuia kitambulisho. Chunguza kama pini imepinda. Lakini angalizo: pini moja ya mstari wa katikati mara nyingi haipo tangu kiwandani. Usikubali mtu akuuzie waya mpya kwa ajili ya pini hiyo.

Njia ya kupima ni rahisi. Azima waya mwingine, ikiwezekana wa HDMI au DisplayPort, uunganishe kioo moja kwa moja bila ya adapta wala kigawanyo. Kipimo kikirudi, mwenye kosa ni kile ulichokitoa. Kipimo kisiporudi, kiunganishe kioo hicho na kompyuta nyingine. Kikionyesha vizuri huko, kioo ni kizima na mtu asikwambie kimekufa.

Hatua ya 8: Je, kioo chako ni televisheni? Maofisi mengi na mabanda ya mizani hutumia televisheni badala ya kioo cha kompyuta kwa kuwa ni kubwa na ya bei nafuu. Televisheni zina desturi ya zamani. Zama za televisheni zenye mgongo, kingo za picha hazikuwa safi, kwa hiyo picha ilipanuliwa kidogo ili kingo zifichwe nje. Televisheni nyingi mpya bado zinafuata desturi hiyo. Kwa mpira wa miguu hakuna anayeona hasara, lakini kwa orodha ya mishahara safu nzima inaweza kwenda na maji. Hapa kipimo cha nukta kinaweza kuwa sahihi kabisa na pembe bado zikakatwa, ndiyo maana mtu huhangaika na kompyuta siku nzima bila ya kufanikiwa. Dawa iko kwenye rimoti. Tafuta mpango wa umbo la picha. Televisheni za LG huandika "Just Scan". Nyingine huandika maneno yenye maana ya picha itoshee kioo. Ukichagua hapo, safu iliyopotea hurudi mara moja.

IKISHINDIKANA KABISA

Windows 11 hukuruhusu kurudi kwenye Windows 10 ndani ya siku 10 tangu kuhama. Ingia "Settings", kisha "System", kisha "Recovery", ubonyeze "Go back". Baada ya siku hizo mafaili ya zamani hufutwa na mlango hufungwa. Lakini tunashauri iwe njia ya mwisho, maana utarudi kwenye ghala lisilo na mlinzi. Nakili kwanza kumbukumbu zote za tawi mahali pengine, nenda nazo huko au usiende.

KWA UFUPI

Maandishi yana ukungu na kila kitu kimepanuka: tazama hatua ya 3 na ya 5.
Maandishi ni safi lakini makubwa au madogo mno: hatua ya 4.
Kipimo kizuri hakimo katika orodha: hatua ya 6, kisha ya 7.
Kioo cha pili hakionekani kabisa: hatua ya 1, kisha ya 6.
Picha ni safi lakini kingo zimekatwa: hatua ya 8.

MATAWI YAFANYE NINI

Jambo moja tunataka kila mwanachama alishike. Kioo hakibadili hesabu. Kinaonyesha tu. Kilo zilizoandikwa na mizani zimo ndani ya kompyuta hata kama safu yake imekatwa, sawasawa na daftari ambalo ukurasa wake umekunjwa. Kutokana na hilo mambo mawili yanafuata. Kwanza, tusimrukie karani na kumwita mwizi kabla ya daftari kukunjuliwa. Karani naye ni mfanyakazi, na kioo kibovu kinamuumiza macho yeye kabla ya sisi. Pili, msimamizi asitwambie kwamba kompyuta imekata au kompyuta imekataa. Akunjue ukurasa. Orodha inaweza kutolewa kwenye karatasi siku ile ile, kila mtu akaisoma safu yake ya mwisho.

Haki ya kuujua mshahara wako si hisani ya mtu. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1949, unataka hatua zichukuliwe ili wafanyakazi waarifiwe, kwa njia inayofaa na inayoeleweka kwa urahisi, maelezo ya mshahara wao kila wanapolipwa. Safu iliyofichika nje ya kioo haieleweki kwa urahisi wala kwa taabu.

Kwa hiyo tunayashauri matawi yote yafanye haya.

Mosi, mwajiri akitaka kubadili programu kuu ya kompyuta za mizani au za malipo, kamati iarifiwe kabla, na kazi hiyo isifanywe mkesha wa siku ya malipo.

Pili, katika siku za mabadiliko uzito uandikwe pia kwa mkono, kwa nakala mbili, mpaka kioo kithibitishwe kwamba kinaonyesha safu zote.

Tatu, uthibitisho wenyewe ufanywe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Aletewe orodha ya karatasi, ailinganishe na kioo, safu kwa safu, toka jina mpaka kilo ya mwisho.

Nne, kila tawi lichague vijana wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wajifunze hatua nane hizi kwa vitendo. Haihitaji shule kubwa. Inahitaji subira, kalamu, na kutoona haya kuuliza.

Tano, fedha za tawi zisitolewe kununua kioo kipya mpaka kile cha zamani kijaribiwe kwenye kompyuta nyingine mbele ya mweka hazina.

Ndugu, mashine zitaendelea kubadilika, na hatuzikatai. Walipoleta mizani za chuma wazee wetu walijifunza kusoma jiwe na mshale, kwa sababu walijua asiyeisoma mizani hupunjwa hata na mtu mwema. Sisi tumeletewa mizani za vioo. Tujifunze kuzisoma, na zikififia tujue pa kubonyeza.

Tunaomba ukurasa huu ukatwe na ubandikwe ukutani karibu na kompyuta ya tawi. Tawi litakalokutana na dalili isiyotajwa hapa lituandikie, lieleze hatua zilizokwisha kujaribiwa na kile kilichoonekana kwenye kioo, neno kwa neno.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.